Re: Kikao cha ARD (kamati ya shule ya elimu maalum) Alhamisi, naomba msaada

Mama Neema:
Ndugu zangu, habari za huko mliko. Wakubwa shikamooni. Mwanangu yuko darasa la pili, tupo Texas. Maneno yanamtoka kwa shida hata kwa Kiswahili: akitaka maji anasema "ji", na mdogo wake ndiye anayetueleza anachotaka. Shule walikuwa wakiniambia nisubiri, yuko ESL, darasa la wanaojifunza Kiingereza, akizoea Kiingereza ataongea. Baadaye wakaniletea fomu ya ridhaa, nikasaini apimwe. Wamempima kwa Kiingereza kitupu, na ripoti inasema akili yake iko chini sana kwa umri wake. Sasa wanataka kumtoa kwa wenzake apelekwe darasa la peke yao la elimu maalum. Mtoto huyu nikimtuma dukani anahesabu chenji mbele ya muuzaji! Kikao ni Alhamisi saa mbili asubuhi, ndiyo saa natoka shifti ya usiku, na baba yake yuko safarini na lori. Je, mdogo wangu anaweza kwenda na kusaini kwa niaba yangu?

Baba Karim, Minnesota:
Pole sana mama. Usisaini chochote. Ungeanza na 504, ule mpango wa kumrahisishia darasani mtoto mwenye ulemavu, hiyo ni nyepesi, ukishaipata, IEP, yaani mpango wa elimu maalum wa mtoto, inafuata. Sisi ndivyo tulivyofanya. Halafu angalia tarehe, wana siku 60 tu za kumpima tangu usaini ridhaa.

Mwl. Zawadi:
Baba Karim, kwa heshima zote, usimpotoshe dada. 504 si ngazi ya kupandia IEP. Hiyo inatoka kwenye sheria ya 1973 ya kuzuia ubaguzi. IEP inatoka kwenye sheria ya 1975, ambayo leo ni IDEA, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Na Texas ni siku 45 za shule, si 60. Mimi ni msaidizi wa darasa hukuhuku Texas, vikao hivi nakaa ndani yake.

Mama Neema, shika hili. IDEA inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoijua, labda iwe haiwezekani kabisa. Waulize mbele ya wote: ni nani aliyempima kwa Kiswahili? Wakikosa jibu, sema huikubali tathmini na unadai IEE, yaani tathmini ya mtaalamu huru, kwa gharama ya wilaya ya shule. Hapo ama walipe, ama wafungue shauri kuitetea tathmini yao. Na kama hajawahi kuwa na IEP, huduma maalum haziwezi kuanza bila ridhaa yako ya maandishi.

Baba Karim:
Mimi nimesema yaliyotusaidia sisi. 504 ilitusaidia.

Mwl. Zawadi:
Ilimsaidia mtoto wako mwenye pumu, na nafurahi. Huyu hawezi kuomba maji.

Da Rehema, Dallas:
Wa majimbo mengine hamuijui Texas. Jimbo liliweka kiwango cha asilimia 8.5 ya wanafunzi kuwa katika elimu maalum, na wilaya ikizidisha inahojiwa. Gazeti la Houston Chronicle ndilo lililofichua 2016, kikaondolewa 2017. Kifungua mimba wangu alisoma miaka hiyo. Kila nikiuliza mbona hasomi, naambiwa ni mvulana, atachangamka. Leo ni mtu mzima, ana kazi yake ghalani, na barua ya benki ikija anampelekea dada yake amsomee. Naliandika hili machozi yakinitoka. Mama Neema, usikubali kuambiwa "subiri" tena.

Juma, New York:
Huku kwetu kikao hicho kinaitwa CSE. Lakini mnahangaika na fomu wakati Rais Trump amesaini amri tangu Machi 2025 ya kuivunja Wizara ya Elimu. Haki zitabaki makaratasi.

Mwl. Zawadi:
IDEA ilipitishwa na Congress, Bunge la Marekani, amri ya Rais haiifuti. Kuna wazazi wanaogopa hata kufungua bahasha ya shule, tusiwaongezee hofu.

Juma:
Sijasema imefutwa. Nimeuliza atakayeisimamia ni nani.

Bi Mwanaidi:
Wanangu, mmenikumbusha mbali. Mdogo wangu haoni, alisoma shule ya Uhuru Mchanganyiko pale Dar es Salaam, pamoja na wanaoona. Asubuhi watoto wa jirani wanampitia, mmoja kambebea mkoba, mmoja kamshika mkono, wanaondoka wanaimba. Huku nimezeeka sijaona mtoto akipitiwa na jirani.

Baba Karim:
Bi Mwanaidi, shikamoo. Lakini tuseme kweli, kwa kila mmoja aliyefika Uhuru Mchanganyiko, wangapi walifungiwa chumba cha uani wageni wasiwaone? Kijijini kwetu niliwajua. Ndiyo maana mimi huku nadai hadi mwisho.

Bi Mwanaidi:
Marahaba. Hilo nalo ni kweli, mwanangu.

Mwl. Zawadi:
Turudi kwa dada. Kama hujaelewa lugha yao, wilaya inapaswa kukuletea mkalimani na ni bure, mwombe leo kwa barua pepe ili kubaki ushahidi. Usimweke mtoto mkubwa atafsiri. Saa nayo lazima iwafae wote, mwambie mratibu aisogeze, au ushiriki kwa simu. Na usipokubaliana nao, kikao kinaweza kuahirishwa mara moja tu, kwa hadi siku 10 za shule.

Da Rehema:
Sheria inakuruhusu pia kuja na mtu anayemjua mtoto. Alhamisi sina zamu, nitakuja. Nitumie ripoti yao leo, kurasa zote, hasa zile zenye alama za vipimo, niisome kabla hatujaingia.