Mrejesho: Droo ya jikoni iliyong'oka ubao wa mbele

Ndugu zangu, narejea kuhusu ile droo ya kabati la jikoni, hapa Mtwara mjini, ambayo ubao wake wa mbele ulikuwa umeng'oka na pembe zake kuachia, nikaomba ushauri kabla ya kuitupa. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilimfuata aliyesisitiza kwamba gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Nilikwangua mabaki yote kwa patasi hadi mbao ikaonekana, nikapiga msasa, nikapaka gundi ya mbao pande zote mbili, kisha, kwa kuwa sina jiliwa (kifaa cha kubania mbao), nikaizungushia droo nzima mpira wa tyubu ya baiskeli, nikiuvuta kwa nguvu hadi gundi ikachuruzika kwenye maungio, na nikaiacha hadi kesho yake. Pembe zimeshika barabara, na ushauri huo wa mpira ndio ninaousifu kuliko wote.

Njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye gundi, za kujazia matundu ya skrubu yaliyopanuka, zilifaa upande wa juu tu. Chini, ambako ubao wa unga wa mbao ulikuwa umevimba kwa maji ya sinki, skrubu ziliendelea kuzunguka bure, ikabidi fundi seremala wa mtaani apachike kipande cha mninga ndipo zikauma.

Reli za kutelezea droo zimeshika kutu kwa hewa ya chumvi ya bahari. Mafuta ya cherehani yamepunguza kukwama, hayajakumaliza, hivyo nitazibadilisha. Kwa sasa droo inabeba vijiko na miiko, si sufuria.