Vitabu vilivyotumika Dar: niuze Posta, kwenye magrupu au mtandaoni?

MamaKimara: Habari zenu wakuu. Mwanangu amemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, alikuwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Nimebaki na maboksi matatu: vitabu vyake, vya shule ya msingi vya mdogo wake, na riwaya za Kiingereza za baba yao. Nilikwenda kwa wale wanaopanga vitabu chini pale Posta, katikati ya mji, mmoja akanitajia elfu thelathini kwa vyote. Nimerudi navyo. Kile cha Kemia peke yake nilikinunua elfu thelathini na tano! Nishaurini.

Msomaji_Ilala: Dada, umefanya vizuri kurudi navyo. Ila yule muuzaji usimlaumu sana, kitabu kinaweza kumkalia miezi huku jua na mvua vinakisubiri, ndiyo maana ananunua kwa bei ya fungu. Mimi Posta napeleka riwaya tu, tena namwachia achague kimoja kimoja na kila kimoja tunapatana bei yake. Vya shule sipeleki kabisa.

TichaBaiolojia: Naunga mkono. Vya PCB usivichanganye na vingine. Kidato cha tano wanaripoti mwezi wa saba, na wazazi wanahangaika sasa hivi. Piga picha jalada, ukurasa wenye toleo na mwaka, na kurasa zilizochorwa, usifiche. Weka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi na ya kanisani au msikitini. Kitabu kisafi cha rejea omba nusu ya bei ya dukani, utapata.

Vya msingi ndiyo mtihani. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, kisha unapanda. Mzazi atakuuliza ni cha mtaala upi kabla hajauliza bei. Tena vitabu vya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) vinasomwa bure kwenye Maktaba Mtandao yao. Vya mtaala wa zamani, hadithi za watoto zichomoe uuze, vinavyobaki wape watoto wa jirani wajisomee.

Chuo_Ubungo: Mimi nimeuza sana mtandaoni, kwenye tovuti ya Jiji na Facebook Marketplace. Wateja wapo wengi, wanaofika ni wachache. Kuna aliyenitumia meseji ya malipo ya uongo, nikampa kitabu. Mama, angalia salio lako mwenyewe, meseji usiiamini. Kutana na mtu kituo cha mwendokasi mchana. Akiwa mkoani, alipe kwanza kitabu na nauli ya kifurushi, ndipo upeleke kwenye basi pale Stendi ya Magufuli.

MamaKimara: Asanteni sana. Mrejesho: seti ya PCB imechukuliwa na mama mmoja wa Mbagala, vitabu sita kwa elfu themanini, kupitia grupu la jumuiya. Riwaya napeleka Posta Jumamosi. Kamusi mwanangu amekataa isiuzwe, anaondoka nayo chuoni.