Kuongeza sabufa ya pili kwenye risiva yenye SUB OUT (tundu la kutolea besi) moja

Msikilizaji: Wakuu, sebule ni mita 5 kwa 4. Sabufa ya inchi 10, yenye amplifaya yake ndani, iko kona ya mbele. Anayekaa kochi la nyuma ukutani besi inamzidi, wa katikati ya chumba haisikii kabisa. Nataka kuongeza ya inchi 8. Nifungeje?

Koili: Hapo chumba ndicho kinachokusumbua mkuu. Kwa urefu wa mita 5, besi ya Hz 34 inajirundika kwenye kuta za mbele na nyuma, katikati inakufa. Ukizipanga sabufa zote kona ileile utapata mdundo mkubwa zaidi na shimo litabaki palepale. Weka moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, vitufe vya fezi vyote 0, ili zisukume hewa kwa wakati mmoja. Kwa vile ziko kuta zinazotazamana, kwenye hiyo Hz 34 zinapingana, ule mrundikano unashuka, na makochi yote yanakaribiana.

Waya: kigawanyio cha Y cha RCA (plagi ya duara ya sauti) kwenye SUB OUT, kisha waya mmoja kwa kila sabufa. Kitufe cha krosova cha sabufa (kinachokata sauti za juu) kizungushe hadi mwisho, kazi ya kukata iachie risiva kwa Hz 80. Risiva na sabufa zikikata zote mbili, besi inapungua mapema mno.

Halafu shusha gein (kitufe cha sauti cha sabufa). Sabufa mbili zilizolingana zinaweza kuongeza hadi dB 6. Pima kila moja peke yake ukiwa kwenye kochi, programu ya simu inatosha kulinganisha. Ukishamaliza, rudia upimaji wa risiva kwa maikrofoni yake.

Waya_Mwekundu: Naongezea. Hiyo inchi 8 mimi nisingenunua. Kwenye besi ya chini kabisa itaishiwa kabla ya mwenzake, na ukiipandisha koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) inaanza kugonga. Tafuta inayofanana na uliyonayo. Kama yako ina tundu la hewa na mpya imezibwa, fezi zao zinaachana huko chini na kuzipatanisha ni kazi.

Koili: Kweli kabisa.

Msikilizaji: Na ikianza kuunguruma?

Waya_Mwekundu: Chomeka zote kwenye ekstensheni moja na risiva. Usikate waya wa ethi (ule wa usalama) hata siku moja ili kuondoa muungurumo. Na ukiletewa sabufa isiyo na amplifaya, usiiunge sambamba na spika iliyo ndani ya hiyo yako: ukinzani wa omu 4 na omu 4 unakuwa 2, amplifaya inaungua.