Mwizi wa ng'ombe anaachiwa siku ya pili: tulalamike wapi, na zamu ya usiku ina mipaka gani?

Mkulima_WestNile
Salamu ndugu zangu, kutoka West Nile, Uganda. Ng'ombe wakiibwa, tunamkamata mshukiwa, tunamfikisha kituo cha polisi cha gombolola (kata), na siku ya pili yuko sokoni. Ndugu zake wanatozwa pesa ya bondi, na mwenye mali anaambiwa aweke mafuta kwenye pikipiki ya polisi. Vijana wameanza kusema atakayefuata hapelekwi popote. Jumamosi tuna mkutano wa kijiji. Malalamiko yaanzie wapi ili yasipotee? Na tukianzisha zamu ya usiku, sheria inaturuhusu nini?

karani_arua
Ndugu Mkulima, zungumza na hao vijana kabla ya Jumamosi. Mshukiwa akifia mikononi mwao, kesi itakayobaki ni ya mauaji, na ng'ombe hatafutwi tena.

Kuachiwa siku ya pili peke yake si ushahidi wa rushwa. Katiba, ibara ya 23, inataka aliyekamatwa kwa kushukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Faili ikiwa haijawa tayari, OC, yaani mkuu wa kituo, anampa bondi: anatoka kwa mdhamini akiwa na tarehe ya kurudi kuripoti, na kesi inaendelea. Lakini bondi ni bure kabisa. Wakitozwa hata elfu kumi, kosa la kulalamikia ni hilo.

Kwa hiyo kazi yenu kubwa ni kusaidia faili ikamilike ndani ya hizo saa. Kesi za mifugo hufa kwa mambo madogo. Mwenye mali anasimulia kwa mdomo kaunta, kisha anaondoka bila namba ya SD. SD ni daftari la kituo, na kila taarifa huingizwa humo kwa namba na tarehe: 14/06/02/2025 ni taarifa ya 14 ya tarehe 6 Februari. Kesi ikifunguliwa hupata namba ya CRB, daftari la kesi za jinai, nayo iombeni. Bila namba hizo hakuna mkubwa atakayeweza kulifuatilia faili lenu.

Jambo la pili ni ng'ombe mwenyewe. Akipatikana, watu humrudisha zizini kwa furaha siku hiyo hiyo, na kielelezo kinakwisha. Kwanza apigwe picha, alama yake ionekane, na mwenyewe asaini kumpokea mbele ya polisi. Mashahidi nao waandikishe maelezo mapema, wasomewe kwa lugha wanayoielewa kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Asiyesomewa atasema mengine mahakamani, na hapo mshtakiwa anapona.

Sasa malalamiko. Sheria ya Polisi inamruhusu mtu yeyote kumlalamikia askari kwa maandishi: rushwa, vitisho, uonevu, kuacha kazi yake. Barua inakwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, yaani DPC, au kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. "Polisi wanakula pesa" haichunguziki. "Tarehe 6, saa nne asubuhi, askari mwenye namba fulani alidai shilingi 100,000 za bondi mbele ya watu hawa wawili" inachunguzika. DPC akikaa kimya, panda hadi PSU, kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu ya askari. Habari ya hongo inaweza pia kupelekwa kwa IGG, Inspekta Jenerali wa Serikali anayeshughulikia rushwa. Mtu akipigwa na polisi au akizuiliwa kupita saa 48, nendeni Tume ya Haki za Binadamu. Ofisi iko Arua. Tume haipokei jambo lililopita miaka 5, wala haigusi lililo tayari mahakamani.

Mama_Yumbe
Karani amepita haraka kwenye kupigwa. Aliyeumizwa, awe mwizi au mwenye mali, aombe kituoni fomu PF3, ya daktari kuandika majeraha, kabla vidonda havijakauka. Kwa ubakaji na kunajisi mtoto ni PF3A. Zote ni bure. Aliyebakwa asioge kabla ya kupimwa, na nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, msitumie kaveera (mfuko wa plastiki), maana unyevu ukifungiwa huozesha ushahidi.

Tena mwambiane wazi Jumamosi: kunajisi mtoto hakumalizwi kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwa mbuzi wawili. Korti ya LC husikiliza madeni, mikataba, kuvamia shamba, mpaka thamani ya shilingi 2,000,000, pamoja na mambo ya mila. Mambo ya watoto yapelekwe kwa askari wa Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia.

zamu_ya_usiku
Raia anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa kama wizi, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa amelitenda, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Zaidi ya hapo hamna ruhusa: msipekue nyumba, msitoze faini, msimfungie mtu ghalani hadi asubuhi.

Majina ya walinzi yaandikwe na katibu wa usalama wa LC1, na OC apewe nakala. Watembee wanne wanne, na tochi, filimbi na daftari la saa. Panga ziachwe nyumbani, gizani panga humkuta jirani. Wala msikubali zamu iwe ya chama: crime preventers, raia waliofunzwa na polisi kuzuia uhalifu, wa kabla ya uchaguzi wa 2016 walipoteza imani ya watu kwa hilo.

Msizunguke kijiji kizima. Kaeni pale lori linapopakilia na kwenye kivuko cha mto. Muuzaji halali ana barua ya LC1, na mifugo inayosafirishwa inahitaji kibali cha daktari wa mifugo. Ombeni hizo karatasi mbili kwa heshima. Asiyekuwa nazo, mpigieni OC.

Mkulima_WestNile
Asanteni sana. Na mafuta?

karani_arua
Msimpe askari pesa mkononi. Mara nyingi ni kweli tanki ni tupu. Mpango wa polisi wa gombolola ulitaka askari wasiopungua 18 kituo kimoja, posti ndogo zikaunganishwa, na umbali kwa vijiji vya pembezoni ukaongezeka. Wapelekeni mashahidi kwa bodaboda wenyewe. Kila mara kituo kinaposhindwa kufika, mwandikieni DPC tarehe na saa, nakala kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya.

zamu_ya_usiku
Barua ni sawa kwa kesho, lakini usiku wa wizi haifai kitu. Ng'ombe wakishavuka kuingia Kongo au Sudan Kusini, polisi wetu hawawezi kuwafuata. Chukueni namba za simu za wenyeviti wote wa LC1 walio kwenye njia ya kwenda mpakani, na muwapigie wao kwanza, kisha OC.