MJADALA: Kuyatungia maneno magumu maana za kuchekesha, tunakiharibu Kiswahili au tunakikuza?

Ndugu zangu, kijiwe chetu cha kahawa hapa Isevya, Tabora mjini, kimegawanyika. Nauleta ubishi huu kwenu nanyi mseme.

Mchezo wenyewe uko hivi. Jioni mmoja anafungua kamusi, anachomoa neno lisilojulikana, na kila mtu analitungia maana ya kichwani mwake. Aliyechekesha zaidi ananunuliwa kahawa na kashata. Juzi neno lilikuwa "masurufu". Kijana mmoja wa bodaboda akasimama kabisa: "Masurufu ni ile sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto huku basi linapiga honi." Kuna waliomwaga kahawa kwa kucheka.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, hakucheka. Mjukuu wake alikuwa amekaa pale, na kesho yake akaenda kumweleza mwalimu darasani habari za uji. Mzee anataka mchezo ukome.

Mimi napinga. Kabla ya jioni ile, waliolijua neno hilo pale kijiweni walikuwa wawili tu, wote wamewahi kufanya kazi serikalini. Wao ndio waliotueleza kwamba masurufu ni fedha anazotangulizwa mtumishi kwa safari au shughuli fulani, kisha anazitolea hesabu akirudi. Sasa kijiwe kizima kinalijua, na hata mama muuza kashata analitumia. Miaka yote kamusi imelala kabatini hakuna aliyelisoma!

Ila mzee ana hoja nzito, siwezi kuipita. Maana ya uongo ikiachwa inaota mizizi. Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster kule Marekani iliingiza neno "dord", eti maana yake densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake. Kumbe ilikuwa kadi tu iliyoandikwa "D or d", yaani herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha densiti, mtu akaisoma kama neno moja. Kosa likaja kugunduliwa 1939. Wale walikuwa wataalamu, na wala hawakuwa wakicheza. Ndiyo maana nashikilia kwamba maana halisi isomwe hapo hapo, kwa sauti, kabla mtoto yeyote hajanyanyuka.

Na yapo maneno ambayo ulinzi wake ni vinywa vya wazee wetu kuliko vitabu. Vijana wengi wa mjini hapa wanachanganya michembe na matobolwa, wakati michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa huchemshwa kwanza. Maneno ya namna hii yasichezewe kama hakuna mzee wa kuturudisha kwenye mstari.

Nilijifunza hilo kwa bibi yangu. Tulipocheza "shubaka" uani kwake, mdogo wangu akasema ni mbwa asiye na adabu. Bibi akainuka taratibu, akamshika mkono, akampeleka ndani, akamwingiza vidole kwenye kijishimo cha ukutani kilichojaa masizi. "Hapa ndipo ilipokaa taa yangu ya mafuta, mjukuu wangu. Hili ndilo shubaka." Mtoto alitoka na vidole vyeusi, na hajalisahau.

Leo baada ya alasiri neno ni "susu". Mzee nimemwomba aje yeye ndiye ashike kamusi, na hajanijibu bado. Ninyi mngemwambia nini?