Ndege wa bustanini ana manyoya meupe: ni ugonjwa, au ndivyo alivyo? Naombeni ushauri

MamaSwabra_Walukuba

Assalam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Niko Jinja, Walukuba. Nyuma ya nyumba nina kibustani: mipapai, mpera, fenesi moja kubwa na ua wa lantana. Ndege hawakauki hapo, na mimi hupenda kukaa nikiwatazama baada ya kazi.

Tangu mvua za Machi zianze kuna mmoja ananiweka roho juu. Ni katika wale wa kahawia wenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia, wanaoamsha mtaa kabla hakujapambazuka. Kuna wanaowaita shore. Wenzake wote wako kama tunavyowajua. Huyu ana weupe: kipande kikubwa utosini, manyoya kadhaa ya bawa la kulia, na madoa machache kifuani. Anakula mapapai pamoja na wenziwe, anaruka vizuri, hafukuzwi.

Nina mambo matatu. Kwanza, nafuga kuku wa kienyeji, na ndege hao hushuka kudonoa chakula chao. Kama ni ugonjwa, utaingia bandani? Pili, jirani yangu mmoja, mama wa makamo, anasema ndege wa namna hii si wa heri, nimfukuze. La tatu ndilo lililonifanya niandike: kuna mtu amepita zaidi ya mara moja akitaka vijana wamtege, anasema atalipa. Wa kazi gani, hasemi. Na watoto wameshaanza kuja na manati. Nisaidieni jamani.

Kasuku_Entebbe

Waalaykum salaam dada. Kabla hatujasema lolote, macho yake yana rangi gani? Mdomo na miguu je? Na ile njano ya chini ya mkia ipo, au nayo imefifia?

Baraka_wa_Arua

Na mimi nafuatilia. Huku kwetu nimewahi kuona shomoro mwenye bawa jeupe pale sokoni, nikadhani amemwagikiwa na rangi ya fundi.

MamaSwabra_Walukuba

Macho ni meusi, ya kawaida. Mdomo na miguu pia meusi. Njano ipo, tena imekoza. Leo asubuhi alitua kwenye papai lililo karibu kabisa na dirisha la jikoni, nikamwona vizuri.

Kasuku_Entebbe

Basi tulia, dada. Huo si ualbino, na kwa hayo uliyoeleza sioni ugonjwa.

Weusi, kijivu na kahawia ya manyoya hutokana na melanini. Hiyo mwili wa ndege huitengeneza wenyewe na kuitia ndani ya nyoya wakati nyoya linaota. Njano ya shore ni habari nyingine. Inatokana na karotenoidi, na hizo ndege hawezi kuzitengeneza, huzipata kwenye chakula, mapapai yako yakiwemo. Ndiyo maana nikauliza. Njano ikibaki imekoza huku weusi umetoka mahali mahali, kilichokosekana ni melanini tu, na huko huko ilikokosekana.

Ndege mwenye ualbino hana melanini popote, hata machoni, kwa hiyo macho yake huonekana mekundu au ya waridi kwa sababu ya damu iliyo ndani. Jicho la namna hiyo huumizwa na mwanga na halioni sawasawa. Wengi hufa wakiwa makinda au punde baada ya kutoka kiotani, kwa hiyo kumkuta ndege mzima wa namna hiyo bustanini ni nadra sana. Wa kwako ana macho meusi na anajitafutia riziki.

Weupe wa sehemu sehemu una vyanzo kadhaa, na watu huvichanganya. Kipo cha kurithi, kiitwacho leukizimu: seli zinazotengeneza rangi hazikufika kwenye baadhi ya sehemu za ngozi wakati ndege angali ndani ya yai. Huyo hutoka kiotani na weupe wake, hauongezeki wala haupungui, na mara nyingi bawa la kushoto na la kulia hufanana, au karibu yake.

Kipo kinachokuja taratibu. Ndege alianza na rangi zake zote, kisha kila anapopukutisha manyoya na kuota mapya, meupe yanazidi, kama mvi za binadamu. Mwanzoni hutokea hapa na pale bila mpango. Hein van Grouw, mtunzaji wa mikusanyo ya ndege katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Uingereza kule Tring, ameandika mengi juu ya jambo hili. Anaona kwamba weupe mwingi tunaouona kwa ndege ni wa aina hii, ingawa watu huuita leukizimu wote.

Kwa maelezo yako, weupe wa bawa moja na vidoa vya kifuani, mimi naegemea huu wa taratibu. Ila tazama bawa la kushoto likiwa limefunguka. Hapo tutajua zaidi.

MkulimaWaMbale

Mimi nimesomea mifugo, nijibu la kuku. Weupe wa nyoya hauambukizi. Hakuna kijidudu hapo cha kuhama kutoka kwa shore kwenda kwa kuku.

Lakini dada, usilaze akili. Ndege wa porini, awe mweupe au mweusi, anaweza kuleta maradhi bandani. Kideri ndicho cha kuogopa zaidi kwa kuku wa kienyeji. Ukiona kuku anapinda shingo, anahema kwa shida, anahara kijani, hapo ndipo pa kushtuka. Kwa ndege wa porini angalia vinundu usoni na miguuni, macho yaliyovimba, au ndege anayekaa amejivimbisha manyoya mchana kutwa bila kuruka. Hiyo ndiyo sura ya ndege mgonjwa.

Funika chakula cha kuku, maji badilisha kila siku, na chanjo ya kideri ya matone ya jicho usiikose. Ile inayostahimili joto, ya I-2, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ukifanya hayo, shore wote wa Walukuba waje wakitaka.

Zubeda_Kawempe

Nimewahi kusikia ni chakula. Kwamba ndege wa mjini wanakula makombo ya posho (ugali) na chapati ndiyo maana wanapauka. Kweli?

Kasuku_Entebbe

Kuna ukweli, dada Zubeda. Ulaya jambo hili limeonekana sana kwa kunguru wa mijini: kinda analishwa makombo, protini haitoshi, na manyoya ya mabawa yanaota yakiwa na mistari myeupe. Nyoya linataka protini ili liote, na melanini nayo hutengenezwa kutokana na asidi amino iitwayo tairosini, ambayo hutoka kwenye protini ya chakula. Uzuri wake ni kwamba huyo anaweza kurudi. Akila vizuri, manyoya yatakayoota baadaye yatakuwa na rangi yake.

Shore wa Mama Swabra simfikirii hivyo, kwa sababu anakula matunda na wadudu wa bustani, na weupe wa njaa kwa kawaida ni wa mistari iliyopauka kwenye mabawa, si kipande cheupe pee utosini.

Chanzo kingine ni jeraha. Paka akimparura, au manyoya yaking'olewa na mizizi yake kuumia, yanayoota pale yanaweza kuwa meupe. Hayo hukaa sehemu moja tu.

Baraka_wa_Arua

Sasa kunguru wa Kampala, wale wenye kifua cheupe na kola nyeupe shingoni, nao ni leukizimu?

Kasuku_Entebbe

Hapana, kaka. Hao ndivyo walivyo wote, tangu Senegali hadi Afrika Kusini. Umenikumbusha jambo la maana, maana watu hupotea hapo. Yule ndege wa mkia unaotikisika wa kando ya Ziwa, mweusi kwa mweupe, rangi hizo ni zake za asili pia. Fumbwe mwenye mkia mrefu sana, dume lake nje ya msimu wa kuzaa ni la kahawia lenye michirizi, na linapobadilika kuwa jeusi na jeupe hupitia kipindi cha mabaka ambacho humfanya mtu adhani amegundua kitu. Hata shorekinda wa mkia mrefu mwekundu, Afrika Mashariki kuna madume yenye mkia na mabawa meupe kwa maumbile yao.

Kipimo changu ni kimoja: je, wenzake wako hivyo? Kama wote wako hivyo, si tukio.

MzeeNoor_Bombo

Mama Swabra, shikamoo za jirani yako huyo usiziache. Usibishane naye. Mwite siku moja mkae naye, mpe chai, amwone ndege anavyokula papai na wenziwe. Watu wengi wanaogopa kitu walichokisikia bila kukitazama. Sisi wazee tumekua na maneno mengi juu ya bundi na kunguru, na sijaona nyumba iliyoharibiwa na shore.

Hilo la mtu wa kulipa pesa ndilo linalonitia wasiwasi. Katika nchi zetu hizi watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya imani ya namna hiyo hiyo, kwamba weupe una nguvu. Anayenunua ndege kwa sababu ni mweupe asikaribishwe uani, mwanangu.

BodaWaMasese

Mama, mimi niko hapo karibu, Masese. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, mapema, kabla vijana hawajapewa pesa. Mwambie jina la yule mtu kama unalijua, na hao vijana wajue kwamba mwenyekiti anajua. Hiyo tu inatosha kupoza mambo.

Manati ya watoto nayo yanavunja vioo na yanatoa macho. Hiyo hoja kila mzazi ataielewa, hata asiyejali ndege.

Kasuku_Entebbe

Naunga mkono. Na sheria iko upande wako, dada. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019, kumkamata au kumuuza mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na wenye mamlaka ni Uganda Wildlife Authority. Mwambie mwenyekiti alitaje hilo. Akija mtu tena, mjibu hivyo hivyo kwa upole na ufunge geti.

Usimtege wewe pia, hata kwa nia ya kumlinda. Shore akifungiwa hujigonga kwenye waya mpaka anapasua uso. Nafasi yake nzuri ni pale kwenye fenesi, penye majani mazito.

Zubeda_Kawempe

Weupe haumwoneshi kwa mwewe?

Kasuku_Entebbe

Unaweza kumwonesha, ndiyo. Kuna na tatizo lingine lisilosemwa sana: melanini huliimarisha nyoya. Nyoya jeupe huchakaa upesi kuliko jeusi, hasa ncha za mabawa zinazokula jua na upepo. Ndiyo maana hata ndege wengi walio weupe kwa asili wana ncha nyeusi za mabawa.

MamaSwabra_Walukuba

Nimerudi, na nina habari. Kwanza nawashukuru wote, Mwenyezi Mungu awalipe.

Bawa la kushoto nimeliona jana alipokuwa anajinyoosha baada ya mvua. Lina nyoya jeupe moja tu, katikati. La kulia lina kadhaa, na hazilingani. Halafu kando ya chombo cha maji ya kuku nimeokota nyoya moja jeupe. Nimeliweka pamoja na la kahawia la shore mwingine nililolipata chini ya mpera, nikayashika dirishani penye mwanga. La kahawia ukingo wake umenyooka, ukilipitisha kidole linajifunga vizuri. Jeupe ncha imelika na kuchanika, nyuzi zake hazishikani. Kasuku, ni kama ulivyosema.

Mwenyekiti nimemwona. Amewaita wale vijana, na ametangaza baada ya kikao kwamba manati ni marufuku mtaani kwetu. Yule mtu hajarudi. Jirani bado anamwangalia ndege kwa jicho la pembeni, lakini alikunywa chai.

Swali la mwisho: nimwekee chakula cha ziada ili manyoya yapate nguvu? Nina mukene, wale dagaa wa ziwani, wa kuku.

MkulimaWaMbale

Mukene mwache kwa kuku. Shore anataka matunda na wadudu. Papai likiiva juu kabisa, hilo moja usilichume, liache. Na usipige dawa ya wadudu kwenye lantana, maana ndipo anapopata protini ya kuwalisha makinda. Chombo cha maji safi kiwe juu, paka asifike.

Kasuku_Entebbe

Hakuna cha kuongeza hapo kwenye chakula.

Kwa bawa hilo la upande mmoja zaidi ya mwingine, nazidi kuegemea weupe wa taratibu. Atakapopukutisha tena, linganisha: mabaka yakirudi pale pale bila kubadilika, nitaachana na wazo langu na tutasema ni wa kuzaliwa nao. Yakiongezeka, jibu tunalo. Makinda yake nayo yatazame, ingawa yakitoka ya kawaida hayathibitishi chochote, maana tabia ya kurithi inaweza kujificha kizazi kizima.

Nyoya ulilookota libandike kwenye karatasi, uandike mwezi na mahali. Picha piga asubuhi jua likiwa nyuma yako, bawa likiwa limekunjwa na likiwa limefunguka, kushoto na kulia. Ukizipata ziweke hapa, na uzipeleke pia eBird, ile tovuti ya kuandikisha ndege walioonekana, pamoja na maelezo ya rangi. NatureUganda, chama cha wapenda maumbile, nao huandaa matembezi ya kutazama ndege, na hapo utakutana na watu watakaotaka kuja Walukuba wenyewe. Ila mahali halisi pa nyumba yako usipataje hadharani, andika Jinja tu, kwa ajili ya yule mnunuzi.