Seli hujuaje kwamba ilipokaa ni pagumu?

Mwanafunzi, Shela (Lamu): Assalamu alaykum. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamivu kuhusu namna ugumu wa mazingira unavyobadilisha tabia za seli. Mjomba wangu, fundi wa majahazi, ameniuliza swali lililonikwamisha: seli isiyo na mishipa ya fahamu huupimaje ugumu huo?

Mwalimu, Malindi: Waalaykum salaam, mwanangu. Huupima kwa kuvuta. Hujishikiza kwa integrini, yaani protini za kushikia zilizo kwenye utando wake, kisha nyuzi za aktini na miosini zilizo ndani yake huvuta pale iliposhika, kama baharia anayejaribu nanga. Pakiwa pagumu mkazo huongezeka, na protini ya YAP huingia kwenye kiini na kubadilisha jeni zinazofanya kazi. Anza na utafiti wa Engler na wenzake wa mwaka 2006, walioweka seli shina za uboho (seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) juu ya jeli za poliakrilamaidi: kwenye kilopaskali 1 (kipimo cha ugumu) au chini yake, ugumu unaokaribia ule wa ubongo, zilielekea kufanana na seli za neva; kati ya kilopaskali 8 na 17, na za misuli; kati ya 25 na 40, na za mfupa. Mjomba wako ameuliza vizuri kuliko watahini wengi.

Mtafiti wa maabara: Nakubaliana na Mwalimu, ila tahadhari: ukibadilisha ugumu wa jeli, huenda ukabadilisha pia ukubwa wa vitundu vyake na namna kolajeni (protini inayopakwa juu ya jeli ili seli zipate pa kushika) inavyoshikamana nayo, na wataalamu wamebishana sana kuhusu kipi hasa ambacho seli huitikia. Pendekezo lako lieleze utakavyovitenganisha.